Mikono Iliyonyoa Msiba

Baba mchungaji na wazee wa kanisa, shikamooni. Kina mama wenzangu, habari za tangu asubuhi. Na ninyi mabinti mlionipa shikamoo pale mlangoni, marahaba, ila msinizeeshe haraka, bado nasuka.

Nimeitwa hapa mbele niseme nilivyoanguka na nilivyoinuka. Nitasema. Lakini nilimwambia mwenyekiti wetu mapema kabisa kwamba ushuhuda wangu una uchungu ndani yake, na mimi siwezi kuuchuja kama uji wa mgonjwa. Akanijibu, "Sema tu dada, hapa ni nyumbani." Haya. Nyumbani ndiko watu wanakoambiana ukweli. Jina la mtu sitataja. Ila ukiona nimekutazama muda mrefu, usigeuke kutazama dirisha.

Mnanijua kazi yangu. Mimi ni msusi. Nimezaliwa Endasak, kwa watu wa mahindi na maharage, na nilishuka hapa Katesh nikiwa binti kuja kujifunza kazi. Saluni yangu ya kwanza ilikuwa Jorodom, chumba kimoja chenye vioo viwili na benchi la kusubiria. Jumamosi benchi lilikuwa halitoshi, wengine walikaa kwenye ndoo walizozigeuza juu chini. Siku ya mnada walikuja mpaka kina mama wa kule Gehandu, wameshauza mbuzi wao, wanataka waoshwe kichwa kabla ya kurudi. Sikuwa tajiri, lakini nilikuwa natazamwa. Mtu akisukwa vizuri Katesh, aliulizwa, "Ni yule wa Jorodom?"

Halafu mlima ukashuka.

Asubuhi ile sina haja ya kuwasimulia, mlikuwepo. Mvua ilinyesha, Hanang ikaachia tope, mawe na magogo, na vyote vikapita kwenye nyumba za watu. Mimi nilikuwa nimepanda Endasak kumuuguza mama yangu, ndiyo maana nasimama hapa. Niliporudi, chumba changu kilikuwa kimejaa tope mpaka usawa wa dirisha. Draya langu nililiona baadaye mbele ya nyumba ya mtu mwingine kabisa, limelala ubavu, limejaa udongo. Vioo sikuviona tena. Kilichobaki ni mashine ya kunyolea, kwa sababu nilikuwa nimeichukua kwenda kumnyoa mama kitandani.

Lakini sikufiwa na mtu wa damu yangu. Hilo nalisema kwa sababu lilinisumbua. Nilikuwa napita nyumba hii wanalia, nyumba ile wanalia, na mimi nalilia draya. Niliona aibu.

Sasa, mnajua desturi yetu. Ukizika mtu wako, nywele zinatoka. Unanyoa, na maisha mengine yanaanza na kichwa kitupu. Siku zile nani alikuwa na wembe? Nani alikuwa na nguvu ya mikono? Mama mmoja wa jirani aliniona nimesimama tu, akaniambia, "Si unajua kushika kichwa cha mtu? Njoo utunyoe." Nikaenda. Nilipomaliza pale, nyumba ya pili wakaniita. Umeme haukuwepo, ile mashine haikunisaidia kitu, nikanyoa kwa wembe, na kila kichwa wembe wake mpya, hilo sikulipunguza hata kwa mtu mmoja. Nilinyoa siku nyingi. Nilinyoa wajane, nilinyoa kina mama waliozika watoto, nilinyoa watu ambao nilikuwa nimewasuka wiki moja nyuma, nikawa nafumua kwanza rasta nilizozisuka mwenyewe ndipo ninyoe. Sikumtoza mtu. Kwanza ningemtozaje? Sijutii hilo, na leo nikiitwa nitakwenda.

Wengi wenu hapa niliwanyoa mimi. Mnajijua.

Baada ya hapo nikaanza upya. Mama mmoja alinipa chumba kidogo karibu na stendi. Nikanunua kioo kimoja, beseni, viti viwili vya plastiki. Nikasema, sawa, watu wana vichwa vitupu sasa hivi, hakuna cha kusuka. Nitasubiri nywele ziote. Nywele ni neema ya Mungu, hazijui kama mwenye kichwa ana furaha au ana huzuni, zinaota tu.

Zikaota. Na watu hawakuja.

Ndugu zangu, nawaambia, sijawahi kuona watu wapole kama ninyi mwaka ule. "Pole dada." "Tunakuombea dada." "Mungu hatakuacha dada." Mlileta mahindi. Mlileta sabuni. Mwingine alileta sufuria yenye mfuniko. Nilipokea na nilishukuru, na sufuria ninayo mpaka leo. Lakini msusi haishi kwa mahindi, anaishi kwa vichwa. Mtu ananiletea debe la mahindi akiwa amejifunga kilemba kama mwenye jino linalouma, na chini ya kilemba, kwenye shingo, naona ncha za rasta mpya. Rasta za Babati! Amepanda gari, amekwenda Babati, amekaa kutwa nzima, amerudi, amejifunika, ndipo akaja kuniombea.

Nilijiuliza nimekosea nini. Labda bei. Nikapunguza. Labda chumba ni kidogo. Nikapaka rangi. Labda mkono wangu umeharibika. Nikamsuka mtoto wa mwenye chumba bure, nikamgeuza huku na huku kwenye mwanga, nikaona mistari imenyooka kama zamani. Wengine waliokuja walikuja na lao. Mmoja aliniambia wazi, "Si mlipewa misaada ninyi wa Jorodom? Nisuke tu bure, mbona umeshafidiwa." Alikuwa anazungumza na mtu ambaye anakalia kiti cha plastiki kilichovunjika mguu.

Ndipo akaja dada mmoja tuliyekuwa tunaimba naye kwaya. Mdogo wake alikuwa na sendofu, ile sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi. Huyu dada alitaka rasta ndogondogo, kazi ya kutwa. Nilifurahi nikampikia chai. Nimesuka, nimesuka, upande wa kushoto umekamilika, upande wa kulia nywele zimesimama, simu yake ikaita. Akaweka spika kwa sababu kichwa nimekishika mimi. Alikuwa dada yake.

"Uko wapi?"

"Nasukwa."

"Unasukwa na nani?"

Akasema jina langu.

"We, una akili kweli? Yule si ndiye aliyekunyoa tulipomzika baba? Mikono ya msiba ile! Unataka uingie nayo kwenye shughuli ya mdogo wetu? Toka hapo!"

Nilisimama na kitana mkononi nikingoja huyu wangu acheke. Nilidhani atasema, "Acha ujinga, dada." Alikata simu, akajikuna shingo. Halafu akasema, "Dada, samahani, nimekumbuka nina dharura." Akachukua kanga, akafunga kichwa, nusu kimesukwa na nusu hakijasukwa, akatoka. Hakuwa mtu mbaya. Aliniachia hela ya nusu kichwa juu ya kiti.

Hapo ndipo nilipoelewa miezi yote ile. Hamkuwa mnanihurumia. Mlikuwa mnaniogopa. Kila mliponiona mlikumbuka wembe, na mlidhani nikishika kichwa chenu mara ya pili, kaburi litafunguka mara ya pili. Wakristo! Watu wa Jumapili! Watu mnaokemea mapepo mpaka spika zinakoroma! Na mnajua vichekesho? Kuna mtindo tunauita twende kilioni, mnausuka kila wiki kwa raha zenu, hamuogopi. Mmemuogopa msusi.

Mnacheka. Chekeni. Mimi sikucheka siku ile.

Sasa nitasema la kwangu, maana ushuhuda si wa kuwaanika wengine tu. Mtu akiambiwa jambo sana, hata kama ni uongo, linamwingia. Nilianza kuitazama mikono yangu. Naosha, natazama. Namshika mtoto wa mwenye chumba, akipata homa kesho yake, nakosa usingizi. Nikaambiwa kuna mzee mmoja mahali fulani anasafisha watu. Nikaenda. Ndiyo, nilikwenda, baba mchungaji, nisamehe, nalisema mbele ya wote. Mimi niliyekuwa naimba sauti ya kwanza nilikwenda kuoshwa mikono kwa mtu mwenye vibuyu. Akanimwagia maji yake, akachukua kitana changu kizuri akakivunja, akaniambia, "Misiba ya watu imekaa kwenye kichwa chako. Kanyolewe na wewe, itoke."

Nikanyoa nywele zangu zote.

Hebu fikirini wenzangu. Msusi ananyoa kipara, halafu anarudi kukaa mlangoni pa saluni yake, chini ya bango lililoandikwa "Pendeza". Niliyetaka kuondoa msiba nimejivika msiba kichwani. Watu wakipita wanaulizana, "Amefiwa tena yule? Na nani safari hii?" Hata wale wawili watatu waliokuwa bado wanakuja kuoshwa nywele wakaacha. Na niwalaumu? Nani anakwenda kusukwa kwa kipara? Nilikuwa nimelikamilisha neno lao kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikafunga. Nikachukua beseni na kioo, nikamwachia mwenye chumba ufunguo, nikapanda Endasak kwa miguu. Mama yangu alikuwa ameshapona. Alinitazama kichwa, akaniuliza, "Nani amekufa?" Nikamwambia, "Ni mimi, mama." Akanipiga kofi la mgongo, akaniambia nisirudie. Halafu akanipa jembe. Nikalima maharage msimu mzima, na niwaambieni, kulima si aibu, wazazi wetu wametulea kwa jembe. Lakini kila jioni vidole vyangu vilikuwa vinachezacheza vyenyewe, vinasuka hewa. Nilikuwa na hasira na Mungu, na mlima, na ninyi. Ninyi zaidi. Mlima haukunijua jina.

Sasa sikieni.

Siku moja niko shambani, naona bodaboda inapanda na watu wawili nyuma yake. Akashuka mama mmoja wa Kibarbaig, mrefu, amevaa shuka lake na bangili zake, na nyuma yake binti. Nilimtambua taratibu. Huyu mama anatoka Gehandu, kwenye ng'ombe. Siku ya tope alikuwa amekuja Jorodom kumsalimia binti yake mkubwa aliyeolewa pale. Binti yule hakupona. Mama alitolewa kwenye matope akiwa hai, amepasuka kichwani, na mimi ndiye niliyemnyoa baada ya mazishi.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeninyoa?"

Nikajua amekuja kunidai uhai wa mtu. Nikasema, "Ndiyo mama. Nisamehe."

"Nisamehe nini? Nimekutafuta Katesh, nimeambiwa umeacha kazi. Kwa nini unalima?"

"Nimekosa wateja, mama."

"Huyu ni mteja," akasema, akimsukuma binti mbele. "Anaolewa. Kanisani kwenu. Mwanaume ni wa Mbulu. Nataka umsuke wewe."

Nikatazama chini. Nikamwambia ukweli wote, pale kwenye maharage: wanavyosema mikono yangu, mwanamke aliyeondoka nusu kichwa, kipara changu kilichokuwa kimeanza kuota vinywele. Nikamwambia, "Mama, huyu ndiye binti uliyebaki naye. Usimlete kwangu. Likitokea jambo, nitasema nini?"

Mama hakunipa pole. Alifungua kilemba, akainama, akanionyesha utosi wake. Kulikuwa na kovu refu.

"Siku ile hapa palikuwa donda bichi," akasema. "Kila aliyenishika aliliumiza. Wewe ulikuwa unalia, machozi yanaangukia shingo yangu, lakini wembe wako ulizunguka donda lote, haukuligusa. Mimi nikajua, huyu anajua kichwa. Mtoto wangu nampeleka kwa mtu anayejua kichwa. Hayo mengine sijui ni ya nani."

Nikasema basi, nitamsuka bure, iwe zawadi ya harusi. Akakasirika kweli kweli. "Sikuja kuomba. Ng'ombe nimeuza. Utasema bei yako, ile ya zamani, kabla hujaogopa. Na hutamsuka huku kwenye maharage kama mwizi. Utamsuka Katesh, siku ya mnada, mlango wazi."

Ndugu zangu, nililia. Na si kwa sababu alinihurumia. Nimeshahurumiwa mpaka nikavimbiwa. Nililia kwa sababu kwa muda mrefu sana hakuna mtu aliyekuwa amesema kwamba najua kazi.

Siku ya mnada nikafungua. Nikamsuka yule binti, na mama akachukua kiti changu cha mguu mbovu, akakaa nje mlangoni kabisa, pale ambapo kila anayetoka mnadani anapita. Kila aliyepita alimsalimia, na kila aliyemsalimia aliambiwa, "Niko hapa, mtoto wangu anasukwa ndani." Hamkuuliza, mliambiwa. Akasimama mama mmoja, ni wa kanisa letu, akamvuta pembeni lakini kwa sauti tunayoisikia sote.

"Mama, huogopi? Huyu si alinyoa watu wa misiba?"

"Alininyoa mimi."

"Ndiyo maana nakuambia. Mikono hiyo na harusi haviendi."

"Kwenu mlipozika, chakula nani alipika?"

"Majirani."

"Na mkioza binti, nani anapika?"

"Majirani."

"Hao hao?"

"Ndiyo... hao hao."

"Na unakula?"

Yule mama akachukua kikapu chake akaenda. Mimi ndani nilibana kicheko mpaka nikamvuta bibi harusi nywele, akapiga kelele. Ndicho kicheko changu cha kwanza tangu mlima ushuke.

Harusi mliiona, ilifungwa hapa hapa. Nilikaa kiti cha nyuma nikiwatazama mnavyomtazama. Nusu yenu mlikuwa mnatazama jinsi alivyopendeza, nusu mnangoja gari la maharusi lipinduke. Halikupinduka. Walikwenda Mbulu wakafika salama. Na kwenye sherehe, mama wa bibi harusi alipopewa kipaza sauti amshukuru Mungu na wageni, alishukuru wageni, halafu akasema jina langu na mahali nilipo, kisha akamrudishia mtu kipaza sauti chake. Hotuba ilikwisha hapo.

Wiki ile walikuja wanne. Wote wageni, wa Gehandu na wa kule Mbulu. Ninyi wa hapa mlikuwa bado mnapima.

Sasa naomba mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye mfupa.

Mwaka haujaisha, yule binti akapata mtoto. Mtoto mnene, mzima, ana sauti ya ndama. Habari zikafika Katesh. Na ghafla benchi langu likajaa. "Dada, tulikukumbuka." "Dada, mkono wako una baraka siku hizi." Mwingine ameniambia anataka nimsuke mimi na si mtu mwingine kwa sababu anatafuta mtoto! Nikamtazama. Nikamwambia, "Mama, mimi nasuka nywele." Jana mlinikimbia kwa sababu mikono yangu ina kifo, leo mnanijia kwa sababu ina uzazi. Ni mikono ile ile. Inanuka mafuta ya nywele tu.

Na mimi nilikaa nikajiuliza swali ambalo halijaniacha. Yule mtoto angekufa, je? Watoto wanakufa, sisi sote tumezika. Yule binti angeharibikiwa mimba, mngesema nini? Mngesema, "Tulijua." Mngenifukuza mpaka Singida. Na mimi ningekuwa ni yule yule, na rasta zile zingekuwa zimenyooka vile vile. Kwa hiyo msinishangilie kwa sababu ya mtoto wa mtu. Nafurahi kwa ajili yake, nimempelekea na kofia niliyoifuma mwenyewe. Lakini yeye si cheti changu.

Nawasuka. Sijamfukuza mtu. Yule dada wa nusu kichwa alirudi pia, na nilimsuka kichwa kizima, na tulizungumza habari za mvua. Nimesamehe? Siku nyingine nimesamehe, siku nyingine nikisikia simu inaita ndani ya saluni mwili unanisisimka. Siwezi kusema uongo madhabahuni.

Nashukuru. Namshukuru mama yangu kwa kofi na kwa jembe. Namshukuru yule aliyenitunzia chumba, watu walimwambia ampe mwingine asiye na nuksi, akasema ufunguo umeshapotea, na ufunguo alikuwa ameufunga kwenye kanga yake. Kuna binti mmoja mwalimu alinipiga picha nikisuka, akaiweka kwenye kikundi chao cha simu na kuandika mahali nilipo; hakuniombea, alielekeza watu njia tu, Mungu ambariki. Na namshukuru mama wa Gehandu, ambaye hayupo hapa na hajawahi kuingia kanisa hili ila siku ya harusi. Sijui mtamweka upande gani siku ya hukumu. Mimi nimeshamweka wangu.

Mmenitaka niwaachie na fundisho. Fundisho langu ni la saluni, si la seminari. Mtu wa kazi ya mikono akipata pigo, mpelekee kichwa chako. Kaa kwenye kiti chake, lipa bei yake, usimwombe punguzo kwa jina la upendo. Kama huna hela mwezi huu, mwambie huna, atakuelewa, kuliko kumkwepa barabarani. Kama hukupenda kazi yake, mwambie uso kwa uso arekebishe. Ukipendeza ukaulizwa ni nani aliyekupendezesha, taja jina, usijibu "nilikwenda mahali fulani". Na ukianza kusukwa, maliza kichwa. Pole ni nzuri, mahindi ni mazuri, lakini mkiniletea mahindi na kuninyima kazi, mmenifanya ombaomba mwenye ghala.

Ningeweza kuishia hapo mkapiga makofi. Lakini kuna jambo la wiki hii.

Nyuma ya stendi kuna binti anapaka rangi za kucha na kubandika kope. Mumewe tumemzika juzi juzi, wote tulikwenda, tulilia. Amefungua tena kibanda chake kwa sababu watoto wanakula. Nimepita pale mara tatu. Amepanga chupa zake za rangi kwa mstari, anazifuta vumbi, anazipanga upya. Hakuna mtu. Nikauliza, nikajibiwa na mtu ambaye amekaa humu ndani, eti mjane mbichi hashiki kidole cha mtu anayekwenda kwenye sherehe.

Mmeanza tena.

Tazameni. Kucha zangu hizi hapa, zote kumi, nyekundu. Mimi ni mtu wa maji na sabuni, kufikia Jumatano zitakuwa zimebanduka, na nitarudi zipakwe upya. Nilikaa mlangoni kwake kabisa, wapita njia wanione. Alinishika kidole cha kwanza akaniuliza, "Dada, huogopi?" Nikanyoosha cha pili.

Sitaki amina. Amina mlinipa nyingi mwaka ule. Pasaka inakaribia na wengi wenu mtatafuta kupendeza. Nataka mtu anyooshe mkono aseme, kesho asubuhi nakwenda kwake mimi, na nitakaa mlangoni.

Sishuki hapa. Baba mchungaji, najua saa imekwenda, nivumilie.

Wewe mama wa pale mbele, huo mkono umeunyoosha au unajikuna?

Haya. Mmoja. Wa pili ni nani?